Alama za Vidole za Kendell Frederick

(Hotuba niliyotoa Jumamosi alasiri hapa Nairobi, mbele ya wazazi na jamaa wa vijana wetu walio katika majeshi ya nchi za nje. Mvua na msongamano wa magari viliwazuia wengi kufika, wakaniomba niiweke yote hapa. Nimeiacha ilivyosemwa.)

Mzee mwenyekiti, mama mchungaji, akina baba na akina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti: hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua yote hii.

Niliombwa nizungumze juu ya vijana wahamiaji waliokufa vitani wakiwa wamevaa sare za nchi ambazo hawakuzaliwa. Nikajaribu kuandika habari za wote. Nikaona haiwezekani. Ukizungumzia watu elfu kwa saa moja, hujamzungumzia hata mmoja. Basi nimemchagua mmoja, tena si Mkenya, na nitawaambia kwa nini.

Anaitwa Kendell Frederick. Alizaliwa Trinidad, kisiwa cha Karibi kilicho karibu na Venezuela. Mama yake alitangulia Marekani, na yeye akamfuata akiwa na umri wa miaka 15. Nisimame hapo kidogo. Ni wangapi humu ndani mmelelewa na nyanya kwa sababu mama alikuwa Boston, au Dallas, au Doha? Inueni mikono, msione haya. Mnaona? Basi huyo kijana mnamjua tayari. Mnajua alivyoshuka uwanja wa ndege akimtafuta mama ambaye sauti yake ya simu aliizoea kuliko uso wake.

Akasoma Randallstown, katika jimbo la Maryland. Shuleni akaingia kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi wanayopewa wanafunzi kule, halafu akajiunga na jeshi la akiba. Kazi aliyofundishwa ni ufundi wa jenereta. Kikosi chake kilikuwa cha wahandisi, na kikapelekwa Iraki. Nataka mkumbuke hilo, kwa sababu tukisikia mwanajeshi tunafikiria bunduki tu na kuruka kutoka kwenye ndege. Kendell alikuwa fundi. Stima ikipotea Umoja au Kayole usiku, mnajua thamani ya fundi. Sasa fikirieni kambi nzima jangwani, hospitali yake, redio zake, jokofu zake, zote zinategemea injini moja inayonguruma nyuma ya mifuko ya mchanga.

Hakuwa raia wa Marekani. Alikuwa mkazi halali, mwenye kadi ya kijani, na hiyo ilimtosha kuingia jeshini. Wengi wa watoto wenu wameingia kwa kadi hiyo hiyo. Akaomba uraia. Na kwa kweli mlango ulikuwa wazi: mwezi Julai mwaka 2002 Rais George W. Bush alitoa amri kwamba wahamiaji walio jeshini tangu mashambulizi ya Septemba 2001 wanaweza kuomba uraia mara moja, bila kungoja ile miaka mitano wanayongoja wahamiaji wa kawaida. Mlango wazi. Kilichobaki ni karatasi.

Hapo kwenye karatasi ndipo nilipomchagua, kwa sababu mimi ni mtu wa karatasi. Wengine mnanijua: kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa usajili wa watu. Mkate wangu ulikuwa wino. Nimepaka wino vidole vya wazee, vya wanafunzi waliomaliza kidato cha nne, vya maharusi. Kidole gumba unakibiringisha kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, taratibu, usikandamize. Ukikandamiza, mistari inaungana na fomu inarudi. Wachonga mawe wa Juja walinitesa, na akina mama wafua nguo pia, kwa maana vidole vimelika hata mistari haionekani. Unapaka, unafuta, unapaka tena. Na wino ule kuutoa? Ukuta wa nje wa kila ofisi niliyofanyia kazi ulikuwa mweusi kwa vidole vya wananchi. Wengine waliupaka kwenye nywele. Mnacheka kwa sababu na nyinyi mlifanya hivyo!

Sasa sikilizeni. Siku Kendell alipoandikishwa jeshini, alipigwa alama za vidole, kama kila kuruta. Jeshi la Marekani lilikuwa nazo. Alama za vidole hazibadiliki. Mtoto anazaliwa nazo na mtu anazikwa nazo, na ndiyo sababu dunia nzima inazitegemea. Lakini idara ya uhamiaji ilizitaka upya, zipigwe kwa utaratibu wake. Fomu zikarudishwa kwa makosa ya kikarani. Ikafika barua inayomtaka afike Maryland kupigwa alama za vidole, na mwenyewe yuko Iraki. Mama yake akashika simu, akapiga, akaeleza kwamba mwanawe yuko vitani. Hakusaidiwa.

Hatimaye ikapangwa apigwe alama hizo huko huko Iraki, katika kambi nyingine. Tarehe 19 Oktoba 2005 akapanda gari katika msafara. Bomu lililotegwa kando ya barabara likalipuka. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Nirudie, kwa sababu mama mmoja pale mbele ananitazama kama hakusikia vizuri. Alikuwa anakwenda kupigwa alama za vidole. Siku ile hakuwa anakwenda kupigana wala kutengeneza jenereta. Alikuwa anakwenda kuchovya vidole kwenye wino, kazi ambayo mimi niliimaliza kwa dakika tano na mtu akaenda zake kunywa chai, tena kwa alama ambazo serikali yake ilikuwa nazo kabatini.

Uraia akapewa. Akiwa marehemu.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo la kwanza. Kuna uraia wa baada ya kifo. Marekani ina sheria hiyo tangu mwaka 1990: mhamiaji akifa kwa sababu ya utumishi wake jeshini wakati wa vita, jamaa wanaweza kumwombea uraia ndani ya miaka miwili, na ombi likikubaliwa cheti kinaandikwa kwa jina lake, uraia ukihesabiwa tangu siku aliyokufa.

Aliyejulikana zaidi kwa jambo hilo ni José Antonio Gutiérrez wa Guatemala. Huyu alikuwa yatima, mtoto wa mitaani katika jiji la Guatemala. Alivuka Mexico kwa kudandia treni za mizigo, akaingia Marekani bila karatasi yoyote, akajipunguzia umri ili ahesabiwe mtoto asirudishwe. Akalelewa na familia za walezi California, akatamani kuwa msanifu wa majengo, akajiunga na Marines, mojawapo ya majeshi ya Marekani. Tarehe 21 Machi 2003, vita vya Iraki vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, akauawa karibu na Umm Qasr. Ni miongoni mwa wanajeshi wa kwanza kabisa wa Marekani kufa katika vita vile. Siku chache baadaye akatangazwa raia, na magazeti yakaandika kwa fahari. Mwili wake ukarudishwa Guatemala, akazikwa kule alikokuwa amekimbia.

Sasa mimi nauliza, na nyinyi mnijibu moyoni: uraia ule ulikuwa wa nani? Maana aliyepewa hangeweza kupiga nao kura. Hangeweza kumwita dada yake aje aishi naye. Na hapa nawaomba msikie kwa makini, kwa sababu wengi hawalijui: mpaka mwisho wa mwaka 2003, cheti kile hakikumpa mzazi, mjane wala mtoto wa marehemu haki yoyote ya uhamiaji. Kilikuwa cha heshima tu. Ilibidi sheria ibadilishwe, Novemba 2003, ndipo jamaa wakaruhusiwa kufaidika kama jamaa wa raia. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi mama angeweza kukabidhiwa bendera na cheti mlangoni, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini.

Mimi sikidharau cheti. Kwa mama aliyefiwa hata kipande cha karatasi ni kitu cha kushika. Lakini deni likilipwa baada ya mwenye kudai kufa, tusiliite zawadi. (Hapo mzee mmoja alisema "Ndiyo!" kwa sauti, nami nikashukuru, maana nilikuwa nadhani wamelala.)

Msidhani nimekuja hapa kuwasema Wamarekani. Sisi wenyewe, humu humu Nairobi, tunakanyaga habari kama hii kila siku.

Nani amenunua kiondo au kula nyama choma Kariokor? Wote. Kariokor ni jina la kikosi, kile kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza waliandikisha katika Vita Vikuu vya Kwanza, Carrier Corps. Pale ndipo wapagazi walipokuwa na kambi. Wanaume waliotolewa Nyanza, Ukambani, Mlimani na Pwani, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa unga na risasi, wakatembezwa mpaka Tanganyika na Msumbiji. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Hao nao walikuwa wageni katika vita vya wengine.

Nendeni Kenyatta Avenue mtazame ile sanamu ya watu watatu wa shaba, iliyowekwa 1928: askari, mpagazi na mpiganaji wa Kiarabu. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wapagazi wanasifiwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Na maandishi yanaahidi kwamba ukipigana kwa ajili ya nchi yako, hata ukifa, wana wako watakumbuka jina lako.

Jina lipi? Izungukeni sanamu ile. Piteni mbele, piteni nyuma. Hakuna jina hata moja. Imeahidi majina na haina jina!

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, baada ya vita vile. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya mia moja. Hata mjukuu wa mpagazi alikuwa ameshazeeka au amekufa. Kuna mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo haikuchukuliwa kwa sababu eti jamaa zao hawakujulikana.

Eti hawakujulikana! Nisikilizeni kama karani. Vita vilikwisha 1918. Kuanzia 1919 na 1920 serikali ile ile ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria ya usajili iliyopitishwa mwaka 1915, na ikamwandikisha kila mwanamume Mwafrika aliyefika utu uzima. Ikampa kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inizwa shingoni. Ndani kuna jina lake, kabila lake, mahali anakotoka, mwajiri wake, mshahara wake. Na alama za vidole. Kwa hiyo makarani walikuwepo. Wino ulikuwepo. Vitabu vilikuwepo. Serikali ikitaka kukujua ili usimtoroke mwajiri wako, inakujua mpaka kidole gumba. Ikitakiwa kukujua ili imlipe mjane wako, inasema wewe ni mmoja tu katika wengi.

Na msidhani ni kwamba haikuwezekana. Vita vya pili viliwahi kufanya vizuri zaidi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana makaburi, kaburi lao ni bahari. Lakini majina yao yamechongwa hapa hapa, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Wengi wenu mnapita pale na matatu mkienda Karen. Shukeni siku moja. Geti liko wazi, nyasi zimekatwa, na majina yanasomeka.

Narudi kwa Kendell, nimalize, kwa maana naona chai imeingia.

Mama yake hakunyamaza. Angeweza kukaa na cheti chake na bendera yake na watu wangemheshimu. Badala yake akaenda kwa wawakilishi wa Maryland akawaeleza jambo moja tu: mnazo alama za vidole vya mwanangu, mngeliweza kuzitumia. Seneta Barbara Mikulski na mbunge Elijah Cummings wakalichukua. Ikapita miaka. Tarehe 26 Juni 2008 rais akatia sahihi sheria yenye jina la Kendell Frederick. Inasema nini? Inasema kwamba alama za vidole zilizopigwa siku ya kuandikishwa jeshini zitumike kwa ombi la uraia. Basi! Jambo ambalo karani yeyote angelimaliza kwa kuvuka korido na kubisha mlango wa ofisi ya pili.

Lakini kijana wa kutoka Nyeri au Kisii aliyeingia jeshi la Marekani baada ya mwaka ule, akapata uraia bila kusafiri kwenda kuchovya vidole, amefaidi kutoka kwa fundi jenereta wa Trinidad asiyemjua. Ndiyo maana nimemleta humu ukumbini. Ni wa kwenu pia.

Wazazi, sheria za watu hupanda na kushuka. Mwaka 2017 masharti ya uraia kwa wanajeshi wahamiaji yalikazwa tena, wengine wakaenda mahakamani. Kwa hiyo mtoto akiwa jeshini, mwulizeni habari za fomu zake mapema, kabla hajapewa tiketi ya kwenda popote. Msiogope kwamba atapoteza Kenya. Katiba yetu ya 2010 inamruhusu aliyezaliwa Mkenya kubaki Mkenya hata akichukua uraia mwingine. Mwulizeni ameandika jina la nani kama jamaa wa kujulishwa, na kwa namba gani ya simu. Vijana hubadilisha namba kila mwezi na nyinyi pia.

Na kuna wale ambao hatuwezi kuwauliza. Mnajua nawasema akina nani. Mwaka 2025 serikali yetu yenyewe ilikiri kwamba kuna Wakenya waliojikuta katika jeshi la Urusi, vitani Ukraine, na wapo walioahidiwa kazi ya kawaida na mawakala. Kuna familia ambazo simu imekatika, hakuna mwili, hakuna barua, hakuna afisa aliyebisha mlango. Kijana huyo hana tofauti kubwa na mpagazi wa 1917. Nitasema wazi, na asiyependa anisamehe: wakala anayemfanya kijana atie sahihi mkataba wa lugha asiyoisoma ni muuza watu, hata akiwa na ofisi ya vioo mjini na anatoa sadaka kubwa kanisani.

Tukae tukingoja ripoti nyingine ya baada ya miaka mia? Mimi nilipanga watu kwenye foleni maisha yangu yote, na nimestaafu na mwandiko mzuri. Kwenye meza ile ya dirishani nimeweka rejista. Ina nafasi ya jina kamili la kijana, majina yote matatu, siku na mahali alipozaliwa, jeshi lililomchukua, kikosi, siku ya mwisho mlipozungumza naye, na kazi aliyokuwa akiipenda kabla ya kuvaa sare. Hiyo ya mwisho nimeiongeza mwenyewe. Fomu za serikali hazina nafasi hiyo.

Walio hai waandikwe, waliokufa waandikwe, na wale tusiojua wako wapi waandikwe kwanza. Njooni na kitambulisho ili tusikosee herufi. Nakala moja itabaki kanisani, nyingine kwa mwenyekiti. Safu ya mbele muanze, halafu hawa wa upande wa kulia. Chai itangoja.